Mgeni wa Jembe la Kuazimwa

Kwenye basi, mbele yangu walikaa fundi viatu na bibi mmoja mfuga nyuki, watu wawili pekee waliobaki katika kijiji chao cha mlimani. Kisima kilipokauka, wengine wote waliteremka kwenda mjini. Nilidhani wataongelea maji. Kumbe waligombania nani mwenyeji.

"Nyie ni wageni," alisema fundi. "Babu yangu alizaliwa kule kileleni. Babu yako alipanda kutoka bondeni, ulimi nje."

"Na siku ya tatu babu yako akampa jembe," bibi akajibu. "Aliyepewa jembe si mgeni tena."

"Alimwazima! Na hamjalirudisha mpaka leo."

Kijiji kina watu wawili, na bado mmoja kazidi.

Basi likasimama chini ya mlima, barabara inapoishia. Wote wawili wakashuka; bibi akavuta gunia lake la unga, akalibwaga miguuni pa fundi.

"Haya, mwenyeji. Mpokee mgeni mzigo."

Fundi akautazama mlima. Akalitazama gunia. Akakohoa.

"Unajua, ndugu yangu," alisema, "historia nayo ina utata."