Jina Ni Langu: Maisha ya Miriam Kendi Oloo (1967–2025)

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Leppington, Sydney, asubuhi hii, wengine mkitoka shifti moja kwa moja, tumekuja kumsindikiza Miriam Kendi Oloo. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Maxwell Mwiti, akisaidiwa na Clifford, mume wa marehemu. Pale wawili hao walipokumbuka tofauti, yameandikwa ya Clifford, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo.

Miriam alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Mei 1967, Nkubu, wilayani Meru, nchini Kenya. Alikuwa mtoto wa tano kati ya saba wa marehemu Mzee Stanley M'Rinyiru, karani wa kiwanda cha kahawa, na marehemu Mama Joyce Kanyua. Kendi kwa Kimeru ni mpendwa, na nyumbani hakuitwa kwa jina lingine. Alikulia kwenye mashamba ya kahawa na ndizi, kwenye baridi ya mlimani. Bahari aliijua kwa rangi ya buluu kwenye ramani ya darasani tu.

Alisoma shule ya msingi Nkubu kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha Shule ya Wasichana ya Kaaga, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1984. Maxwell, aliyekuwa mdogo wakati huo, anakumbuka kwamba siku dada yake alipofunga shule na kurudi nyumbani, hakuna mtoto aliyekula kabla masikio yake hayajakaguliwa. Alimpanga kila mmoja mlangoni, akamgeuza kichwa huku na huku, na mwenye masikio machafu akarudishwa kwenye karai. Wazazi hawakumzuia. Mzee Stanley alikuwa akienda kunawa mwenyewe mapema, asije akafikiwa.

Mwaka 1986 alipata cheti cha utunzaji wa vyumba vya hoteli jijini Nairobi, akafanya kazi hiyo miaka minane. Septemba 1994 alisafiri kwenda Athens, Ugiriki, kumtunza bibi mmoja aliyeishi peke yake kwenye ghorofa ya nne. Kwa bibi huyo alijifunza kuongea Kigiriki cha jikoni na cha kugombana, lakini kukisoma hakujua. Bibi alipofariki mwaka 2000, Miriam alihamia kisiwa cha Lefkada, upande wa magharibi wa nchi hiyo, akaajiriwa na Bwana Thanasis, mwenye boti kumi na moja za matanga za kukodisha watalii.

Wengi wenu mlimsikia akizungumza juu ya Lefkada. Akianza, chai ilipoa. Alisema maji ya kule yalikuwa ya kijani karibu na mawe, kisha buluu, kisha buluu nyingine ambayo Kiswahili hakina neno lake. Alisema mkate wa asubuhi gatini ulinukia hadi kwenye boti ya mwisho. Siku ya kazi kubwa ilikuwa Jumamosi. Wageni wa wiki iliyopita walishuka saa mbili asubuhi, wapya walipanda saa kumi jioni, na katikati hapo Miriam na wenzake wawili walisugua boti zote kumi na moja, vitanda, majiko na vyoo. Kila boti ikiisha, alipewa karatasi ya Kigiriki atie sahihi. Alidhani anathibitisha kwamba amesafisha, akasaini. Alifanya hivyo majira matatu ya joto.

Majira ya baridi boti zilipandishwa nchi kavu, kisiwa kikawa kimya. Mwishoni mwa mwaka 2003 Miriam alinunua kitabu cha kusomea cha darasa la kwanza, akakaa nacho karibu na hita kuanzia Novemba hadi Machi. Jumamosi ya tarehe 10 Julai 2004, akiwa na ndoo mkono wa kushoto na kalamu mkono wa kulia, alisoma karatasi ile kwa mara ya kwanza, silabi kwa silabi. Iliandikwa hivi: "Tangi la maji machafu limenyonywa gatini na kuoshwa." Chini yake palikuwa na nafasi ya jina lake.

Kila boti ya namna ile ina tangi linalohifadhi uchafu wa choo, na kazi ya gati ni kulinyonya kwa pampu ili uchafu uende kwenye mfereji wa mji. Pampu ya Bwana Thanasis ilikuwa imesimama mwisho wa gati, imefungwa turubai. Miriam hakuwahi kuisikia ikinguruma. Manahodha walikuwa wakifungua matangi Ijumaa jioni kwenye ghuba ndogo iitwayo Mikri Ammos, kisha wakaingia bandarini wakiwa wepesi. Miriam aliijua ghuba hiyo. Akina mama wa kijiji walikuwa wakiogesha watoto wao pale.

Alikwenda ofisini na karatasi mkononi.

"Bwana Thanasis, hapa pameandikwa tangi limenyonywa. Limenyonywa na nani?"

"Ni karatasi ya mkaguzi tu, Miriam. Wageni wako njiani."

"Jina ni langu."

"Basi liandike, tuendelee na kazi."

"Siandiki. Nimeliandika miaka mitatu bila kujua. Leo najua."

Bwana Thanasis hakuwa mtu mbaya, na Miriam hakupenda tumseme vibaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, mwenye boti kumi na moja na Jumamosi moja. Alimwambia aache funguo mezani. Miriam alipofika mlangoni, alimwita tena kwa hasira: "Kama unaona pampu ni kitu rahisi, itengeneze wewe!"

Mtu mwingine angeyachukua hayo kuwa matusi. Miriam aliyachukua kuwa kazi aliyopewa.

Hapa ndipo Clifford Oloo anapoingia. Alikuwa Mkenya kutoka Siaya, fundi wa injini za meli bandari ya Piraeus, na mwenzake katika ushirika wa Wakenya uliokutana Athens. Miriam alimpigia simu jioni ileile.

"Ndugu Clifford, unajua pampu?"

"Pampu ya nini?"

"Ya choo."

Clifford anasema alimjibu, "Dada Miriam, miezi minane natafuta sababu ya kukupigia simu. Na wewe unanipigia kwa ajili ya choo?"

"Unakuja au huji?"

Alikuja. Alishuka kwenye basi Jumanne akiwa na begi la spana, akaifungua pampu, akakuta gurudumu la mpira la kuvutia uchafu limekauka na kupasuka kama ganda la mkate. Kipande kipya walikipata mji wa Preveza, bara, ng'ambo ya kisiwa. Alhamisi saa tano asubuhi pampu iliwaka. Bwana Thanasis alisimama mbali, mikono kifuani, akiangalia bomba likitikisika. Uvundo ulipotoka, manahodha wawili walikimbia. Miriam alibaki pale pale, anacheka, machozi yanamtoka, na Clifford hadi leo hajui kama yalikuwa ya furaha au ya uvundo. Jumamosi iliyofuata Bwana Thanasis alimrudishia funguo, na boti ya kwanza ikanyonywa. Karatasi yake Miriam aliisaini.

Tusiseme kwamba kuanzia hapo kila kitu kilinyooka. Kunyonya boti moja kulichukua dakika ishirini, na watu walio likizo hawapendi kungoja. Nahodha mmoja alimwita askari wa choo, na jina hilo likamshika misimu miwili. Wengine waliendelea kufungua matangi ghubani. Lakini wenye boti wa jirani walianza kuleta zao kwenye pampu ile, mmoja mmoja, na kufikia mwaka 2008 waliobaki nje walikuwa wachache sana. Bwana Thanasis akampa Miriam kazi ya kuongea na wageni kabla hawajaondoka. Kila Jumamosi saa kumi alisimama gatini, mwanamke wa Meru mwenye aproni, mbele ya Wajerumani, Waingereza na Waitalia, akiwafundisha choo. Alijifunza kwa wazamiaji kuhusu nyasi za bahari, ambamo samaki huzaliana na ambazo nanga huzing'oa kwa mizizi, akawachorea kwenye kadibodi: penye kijani usiangushe nanga, penye manjano ni mchanga, angusha. Kadibodi ililoa kila wiki, naye akachora nyingine.

Miriam na Clifford walifunga ndoa Athens, Jumamosi ya tarehe 29 Aprili 2006. Ilibidi iwe kabla ya msimu kuanza, maana Jumamosi nyingine zote bibi harusi alikuwa na kazi. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Cheryl, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2008.

Hali ya uchumi Ugiriki ilipokuwa ngumu, familia ilihamia Sydney, Agosti 2012, wakakaa Minto. Clifford alipata kazi ya kutengeneza malori Port Botany. Miriam alianza na maghala ya Smithfield, kisha akasomea utunzaji wa wazee, kazi aliyoifanya hadi alipougua. Miaka ile ya kwanza haikuwa rahisi kwake. Kila Jumamosi saa kumi alitazama saa. Clifford akimwuliza anawaza nini, alijibu, "Sasa hivi wanapanda boti."

Asubuhi moja ya Juni 2016, baada ya dhoruba kubwa, alimsindikiza Clifford kazini, akashuka kutembea ufukweni Botany Bay. Alikuta bahari imetupa marundo ya nyasi. Aliinama, akaokota moja, akaitazama mizizi, akampigia simu Clifford, aliyekuwa chini ya lori.

"Cliff, ziko hata huku! Ni ndugu wa zile zile!"

Akajiunga na watu wanaojitolea kuokota machipukizi yaliyong'olewa, ili wazamiaji wayapande tena baharini. Alimvuta jirani yake wa Minto, Mama Ninahazwe kutoka Burundi, ambaye siku ya kwanza alikuja na mfuko mkubwa na kisu. "Mimi nilifikiri tunaenda kuchuma mboga," anasema. "Kumbe tunaokota majani ya samaki! Lakini nilishafika, ningerudi vipi?" Walikwenda pamoja miaka minane. Wengi mliopo hapa mliwahi kusombwa na gari la Miriam baada ya dhoruba, na hakuna aliyerudi na viatu vikavu.

Machi 2024 madaktari waligundua ana kansa ya utumbo mpana. Alitibiwa hospitali ya Campbelltown, na tunawashukuru wauguzi wote, kati yao mabinti zetu kadhaa wa Kikenya aliowakagua jinsi wanavyonawa mikono. Julai ya mwaka huo, daktari aliporidhika kwamba anaweza kusafiri, alisema anataka kuona Lefkada. Walikwenda wote watatu. Bwana Thanasis, sasa mzee wa miaka themanini na moja, aliwapeleka Mikri Ammos kwa boti yake. Badala ya nanga walifunga kamba kwenye boya, moja kati ya tisa yaliyowekwa hapo ili nyasi zipumue.

Miriam hakuwahi kuingia ndani ya maji yale. Miaka yote kumi na miwili aliyoishi kisiwani, hata kukanyaga hakukanyaga, mwanzoni kwa kukosa nafasi, na tangu asome karatasi ile, kwa kuwa alijua kilichomwagwa humo na jina la nani lilikuwa chini ya karatasi. Siku hiyo alivua viatu, akashuka ngazi ya boti akiwa na gauni lake, hali hajui kuogelea. Cheryl aliruka akamshika kiuno.

"Mum, you can't swim!"

"Ndiyo maana nimekuzaa. Nishike."

Alisimama ndani ya maji hadi kifuani, akainamisha kichwa, akatazama miguu yake. Akasema kwa Kigiriki, ili mzee asikie, "Naona vidole vyangu vyote." Bwana Thanasis alikuwa amekaa ukingoni mwa boti. Alitoa kofia. "Nilikufukuza siku ile, Miriam," alisema. Miriam akamjibu kwamba anajua, na kwamba amwongezee muda kidogo, maji ni mazuri. Walikaa pale hadi chakula cha mchana kikapita.

Mwezi Agosti mwaka huu ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Miriam aliomba arudishwe nyumbani. Wiki ya mwisho aliweza kuongea maneno machache tu, na mengi yalikuwa ya kupanga. Jumapili alimtazama Clifford kwa muda mrefu, akamwambia, "Usinizike na hizo ndevu." Mnamwona leo. Alilala usingizi wake wa mwisho Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, saa moja na robo asubuhi, dirisha likiwa wazi kama alivyotaka, Clifford upande mmoja na Cheryl upande wa pili.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Ameacha mume, Clifford Oloo, binti, Cheryl, ndugu wanne, wakiwemo Maxwell wa hapa Sydney na watatu walioko Meru wanaotutazama kwa simu, wapwa kumi na sita, rafiki yake Mama Ninahazwe, na wazee wa jengo alilofanyia kazi, ambao wametuma kadi moja kubwa, kila mmoja ameandika jina lake kwa mkono wake, hata wale ambao mkono unatetemeka.

Mungu ampe Kendi pumziko lile ambalo sisi tulishindwa kumpa, maana kila tulipomvutia kiti aliona bado kuna kitu hakijasafishwa. Sasa aketi kwa amani.