Redio Iliyoingia Pamoja na Viti

Bibi mmoja alifumba macho ndani ya basi, si kwa usingizi, bali kwa kuwa watu humwaga mengi mbele ya mzee aliyelala. Kwenye kiti cha mbele yake walikaa fundi cherehani wa kiwanda cha sare na kijana wa saikolojia, faili mapajani, aliyeletwa kuwapima mafundi.

"Mama, jaribio lina mambo mawili tu," alisema kijana. "Kuna ninachokibadilisha mimi, ndiyo redio. Na kuna kinachofuata, ndizo kola mnazokosea. Redio imeingia, makosa yamepungua nusu."

"Na viti vyenye egemeo viliingia lini, mwanangu?"

Kijana alifungua faili, akalifunga. "Siku hiyohiyo."

Bibi alikaza macho yasifunguke, maana kicheko kilimtekenya.

"Basi umebadilisha mawili, ukahesabu moja. Na kwa karatasi yako hiyo, Jumatatu meneja anarudisha viti stoo, sisi tubaki na mabenchi na nyimbo."

"Ripoti nimeshaipeleka, mama."

"Kaichukue. Usipoichukua, Jumatatu naziba masikio kwa pamba, na kitini sitoki. Uje uhesabu kola zangu."

"Wakikutoa kwa nguvu?"

"Watanibeba na kiti."

Hapo bibi alisahau kwamba amelala. "Na mwenzake umkalishe benchi asikilize redio, mjukuu wangu. Ndipo utajua mbivu na mbichi."

Basi likasimama. Fundi aliteremka bila kuaga, akaingia moja kwa moja kwenye duka la dawa la pale kituoni.