Mahfoudh Simai na Mivinje ya Kidichi

Masheikh, wazee wetu na majirani wa Kiembe Samaki, asalaam aleikum. Mimi ni Himid, mdogo wake marehemu, na kazi hii nimepewa kwa sababu wakubwa zangu sauti zimewakauka kwa kulia, basi mtanivumilia.

Kaka yetu Mahfoudh Simai alizaliwa Mkokotoni tarehe 12 Machi 1964, akasoma hapo hapo, kisha akaja mjini kwa sekondari, akikaa kwa shangazi yetu Shangani, na mwaka 1985 akavuka kwenda Bara kusomea misitu, jambo lililomshangaza sana baba yetu, ambaye hakufahamu mtu anasomea vipi kitu kinachoota chenyewe.

Alirudi mwaka 1988 akaajiriwa kuwa bwana miti, akapewa shamba la mivinje karibu na Kidichi, ambako wafugaji walikuwa wakifunga ng'ombe wao chini ya miti, na kazi yake ilikuwa kupima unene na urefu wa miti hiyo, kisha akisie kwa hesabu itakuwa na uzito gani miaka ijayo, na kama ng'ombe wanaikuza au wanaidumaza. Alichagua miti ya kupimwa, akaizungushia rangi nyekundu. Mwaka 1999 hesabu yake ikaonesha kwamba samadi ya ng'ombe haikuiongezea miti chochote, na kwa hesabu hiyo wakubwa wake wakaamuru ng'ombe watolewe.

Baada ya miezi michache, akipita shambani, aliona makovu ya kamba kwenye miti yote isipokuwa ile ya rangi nyekundu. Wafugaji, kwa heshima zao, hawakuthubutu kufunga ng'ombe kwenye mti wa serikali wala karibu yake, kwa hivyo miti aliyoipima haikupata samadi hata siku moja. Wenzake walimshauri anyamaze, maana cheo kilikuwa njiani, lakini yeye aliikana hesabu yake mbele ya wakubwa, cheo kikampita, naye akaenda nyumba hadi nyumba kuomba radhi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Kazija, mwenyeji wa Makunduchi aliyeachika, aliyekuwa akiendesha maisha kwa maziwa ya ng'ombe wake, na kwa kukosa malisho alikuwa amebaki na mmoja tu. Alimsimamisha juani, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Ng'ombe wangu hali radhi." Kaka yetu, ambaye hakuwahi kubeba hata kikapu cha sokoni, akawa anampelekea majani kila jioni.

Mwaka 2001 ng'ombe walirudishwa, lakini kwa majaribio, kwani Mahfoudh alijifunga kwamba ikifika 2025 miti yenye ng'ombe itaizidi uzito ile isiyo nao, na ikishindwa ng'ombe watoke moja kwa moja. Yeye na Kazija walioana tarehe 6 Juni 2002, wakajaaliwa watoto wawili, Ulfat na Muslim.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka jana, na vipimo vya mwisho vya miti vilimkuta kitandani. Bi Nadhira, aliyefanya naye kazi, alimletea jibu hospitali: miti yenye ng'ombe imeizidi mingine, ingawa si kwa kiasi alichokisia, na ng'ombe watabaki. Alicheka, akasema amekosea tena. Alifariki tarehe 9 Novemba 2025, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, watu wa idara yake, na wafugaji wa Kidichi waliomchimbia kaburi kabla hatujawaomba.

Sisi ndugu tulitaka kuliruka hilo la kosa, tuliona halifai kusomwa mbele ya watu. Kazija alitukataza. Alisema, "Lisomeni. Asingekosea, asingekuja kwangu, na leo nisingekuwa na eda ya kumkalia."

Mwenyezi Mungu amghufirie, ampe kaburi lenye nafasi na nuru. Amin.