Mama Penseli, Aliyetuchora Sote

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu wa mlinzi wa ghala na mkewe. Vipande vya matofali mabovu ndivyo vilivyokuwa penseli zake za kwanza, na ukuta wa jikoni ndio uliokuwa daftari. Mama yake aliupaka chokaa mara nne, kisha akasalimu amri.

Alianza shule mwaka 1959. Mwalimu wa hesabu alimwadhibu mara nyingi kwa kuchora pembeni mwa daftari, hadi siku alipojikuta humo mwenyewe, kitambi na miwani, amefanana mno. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo ramani zote za ukutani zikawa kazi ya marehemu, mpaka alipomaliza darasa la nane mwaka 1966.

Mwaka 1968 shangazi yake alimfundisha ushonaji, na kwa miaka hamsini na ushee alishona katika chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Watoto wa mtaa walimwita Mama Penseli, kwa sababu penseli haikutoka sikioni mwake. Alikuwa na udhaifu mmoja: majina ya watu hayakumkaa kichwani. Kwa hiyo kwenye daftari la vipimo, palipotakiwa jina, alichora uso, na chini yake akaandika maneno machache. "Anacheka kabla ya kusema." "Bega la kushoto limeshuka, asiambiwe." Mke wa mwokaji mikate aliwahi kujiona humo akiwa na videvu viwili.

"Hiki cha pili umekitoa wapi?" aliuliza kwa ukali.

"Nimekikuta," marehemu akajibu.

Mama yule alinuna wiki nzima, kisha akarudi na kitambaa cha gauni jingine na kuuliza kama atachorwa tena. Madaftari hayo, thelathini na moja, yako kabatini nyumbani, na wengi wenu mmo.

Mume wake, fundi baiskeli, alikuja mwaka 1973 kupunguziwa suruali. Alirudi mara tatu na suruali ileile, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mara ya mwisho marehemu alimfunulia daftari: kila alipokuja, alichorwa. Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1974, wakajaliwa watoto watatu.

Februari 2023 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Sisi wanawe hatukuwahi kumwona akilia kama siku ile penseli ilipomdondoka. Akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, mistari ikitetemeka. Aprili mwaka huu, moyo ulipoanza kuchoka, alitoa ombi moja tu.

"Nimewachora watu wote. Mimi hakuna aliyenichora."

Tulitaka kumtafutia mchoraji. Akakataa katakata. "Anichore baba yenu."

"Mimi nachora duara tu, tena la tairi," mzee alisema, na kweli aliogopa. Lakini alikaa kando ya kitanda siku kumi na moja, akichora na kufuta, akijua muda haupo. Marehemu hakumwonea huruma.

"Mbona sikio moja?"

"La pili liko upande wa pili."

"Lilete huku nilione."

Alifariki tarehe 3 Mei 2025, saa moja asubuhi, mchoro haujakamilika. Ndio huo mnaouona kwenye jalada la kijitabu cha mazishi mlichoshika. Mkishangaa mbona hauna mdomo, mzee ana jibu: "Hakunyamaza hata dakika moja, ningeuchora vipi?"

Tulipotandua kitanda tulikuta daftari la thelathini na mbili chini ya mto. Lilikuwa na ukurasa mmoja tu uliotumika: baba yetu ameinama, ulimi nje, kashika penseli kama bisibisi. Chini yake, kwa mkono ule wa kushoto, ameandika: "Hajui kuchora. Asiache." Tulimpelekea mzee, akalisoma amesimama, akalia.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu saba, na dada yake mdogo. Mzee ameomba hili nalo lisomwe: jana alinunua daftari jipya, na ameanza na mdomo.

Apumzike kwa amani mama yetu. Mzee hajaacha.