Bi. Shamila Nassibu na Vyoo Kumi na Viwili vya MV Kazeh

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi. Shamila Nassibu, Fundi Mkuu wa Mabomba na Maji Taka wa meli yetu ya MV Kazeh, atakabidhi funguo zake na kustaafu. Anastaafu kwa mujibu wa sheria. Kwa hiari yake asingestaafu. Wiki iliyopita alikuwa likizoni, na katika likizo hiyo alipanda melini mara tatu: mara ya kwanza kwa kisingizio cha kusahau miwani, mara ya pili kwa kisingizio cha kuirudisha miwani ya mtu mwingine aliyoichukua kwa makosa, na mara ya tatu bila kisingizio chochote. Tulimkuta ameinama chumba cha mitambo, mkono wake uko juu ya pampu kama mama anayepima homa ya mtoto.

Alizaliwa mwaka 1965 katika mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, binti wa Mzee Nassibu Awadhi, fundi bati aliyejulikana kwa ndoo, faneli na koroboi zake. Kulehemu alijifunza kabla ya kujua kusuka ukili. Mwaka 1991 alipopata nafasi ya ufundi katika karakana yetu ya Kigoma, mzee wake hakufurahi. Inasemekana alimwuliza, "Mtoto wa kike, katika fani zote za duniani umeiona hiyo ya vyoo?" Naye akajibu, "Baba, wote wanaokula wanakwenda huko." Mzee alicheka, na kicheko kile kikawa ruhusa. Safari ya kutoka Tabora hadi ziwani, ambayo wapagazi wa misafara ya zamani waliikanyaga kwa miguu kwa majuma, yeye aliimaliza kwa treni. Hata hivyo alifika Kigoma akilalamika kwamba treni inakaa mno stesheni.

Hivyo ndivyo alivyo. Bi. Shamila hakai. Chakula anakula amesimama, na chai yake hupoa kila siku kwa sababu kuna koki ameisikia inadondosha mahali. Kabula wa dirisha la tiketi alipoolewa pale Mwanga, Kigoma, tulimweka Bi. Shamila meza ya mbele, amependeza, amepaka na hina. Kabla pilau haijafika, kiti chake kilikuwa kitupu. Alirudi mikono ya gauni imelowa hadi kwenye viwiko, bomba la ukumbini limepona, na bibi harusi anasubiri kupiga picha na mtu aliyeshika spana.

MV Kazeh ilipoanza safari mwaka 2014, wengi walitania kwamba Tabora haina ziwa lakini sasa ina meli, maana Kazeh ni jina la kale la mji huo. Ilikuja na vyoo vya namna ambayo hatukuwahi kuiona: vyoo kumi na viwili vinavyovuta kwa hewa. Unabonyeza kitufe, unasikia mlio mkali, na kila kitu kinanyonywa hadi kwenye tangi chini ya meli. Abiria wa kwanza walikimbia kwa hofu. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha lugha ya kigeni, kurasa mia mbili. Bi. Shamila alikisoma kwa kufuata michoro, kisha akatueleza sote kwa sentensi moja: ni mrija wa soda; mrija ukitoboka au ukiziba, utanyonya mpaka mashavu yaume na soda hutaiona. Mpaka leo mabaharia wapya hufundishwa hivyo.

Lakini wasifu huu hautakuwa wa kweli nisipoeleza yaliyotokea Agosti 2017. Nimekaa na jambo hili miaka minane na halijanipa utulivu. Nilikuwa zamu siku ile kama msimamizi wa huduma za abiria, na niliyoyaona ni haya.

Tulikuwa siku ya pili ya safari ya kusini, tumeshaipita Kalya, tunaelekea Karema. Abiria walikuwa zaidi ya mia tatu, wengi wao wakienda kwenye upadrisho. Saa nne asubuhi, vyoo viwili vya sitaha ya chini viligoma kuvuta. Baada ya nusu saa viligoma vyote kumi na viwili. Ukibonyeza, vinakohoa tu na kunyamaza. Nadhani msomaji hahitaji kuelezwa hali inakuwaje watu mia tatu wakikosa choo katikati ya ziwa, wakiwamo watoto, wazee na mama mmoja mjamzito aliyekuwa anatapika. Harufu ilianza kupanda ngazi. Watu walianza kupiga kelele.

Nahodha wetu wakati huo, Octavian, alikuwa mtu mwema aliyebanwa. Kulikuwa na njia ya mkato: kusogea karibu na kijiji cha wavuvi kilichokuwa mbele yetu, kutia nanga, kufungua bomba la dharura, kumwaga kila kitu ziwani na kuwapa abiria ndoo. Mwaka ule vijiji vya mwambao vilikuwa vimepewa tahadhari ya kipindupindu. Kutoka sitahani tuliwaona wanawake wa kijiji kile wamesimama majini hadi magotini, wanachota.

Bi. Shamila alimwambia, "Nahodha, yale maji wanakunywa."

"Nayaona," akajibu. "Na hawa wangu je? Nina watu wanajisaidia kwenye mifuko, Bi. Shamila. Nakupa saa mbili. Saa saba nafungua bomba."

Hakubishana. Alivua ushungi, akajifunga kitambaa kichwani, akashuka.

Alianza na pampu. Zote mbili zilikuwa za moto na zinazunguka bila kupumzika, kwa hiyo ugonjwa haukuwa kwenye pampu. Zilikuwa zinanyonya hewa inayoingia mahali. Mshale wa geji ya kupimia mvuto, ambao hukaa kwenye tano, ulikuwa umelala kwenye mbili. Bomba kuu lina matawi matatu: la mbele, la kati na la nyuma. Akafunga vali ya mbele, akasubiri. Mshale haukutikisika. Akaifungua, akafunga ya nyuma. Hakuna kitu. Vali ya kati ilikuwa imekwama kwa kutu, na kuilegeza kulimla dakika arobaini na ngozi ya viganja. Ilipofunga, mshale ulipanda taratibu hadi tano. Hapo akajua: tatizo liko tawi la kati, kwenye vyoo vinne vya wanawake vya sitaha ya chini.

Kwenye choo cha kwanza alikuta mpira umepasuka. Akaubadilisha, akashukuru Mungu, akafungua tawi. Mshale ulisimama kwa dakika moja, tukaanza kupongezana, kisha ukalala tena. Sijawahi kumwona Bi. Shamila akikaa chini, ila wakati ule alipiga goti na kubaki hivyo, akiangalia saa. Zilibaki dakika ishirini na tano. Mimi nilikuwa napanda na kushuka ngazi bila kazi yoyote, kwa sababu kusimama nilishindwa.

Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye bomba na mpini sikioni, akasogea choo hadi choo akisikiliza. Kwenye choo cha tatu alinyanyua mkono tunyamaze. Bomba lilikuwa linapiga mluzi mwembamba. Mdomo wa vali ya choo kile ulikuwa umeachama; kitu kimeung'ang'ania usifunge, na kwa upenyo ule mmoja meli nzima ilikuwa inakosa mvuto. Akafunga koki ya choo hicho peke yake, akafungua mbao zinazofunika bomba, akaingiza mkono.

Alichotoa kilikuwa kipande cha khanga, kimekunjwa vizuri mara nne, kina damu.

Alikitazama, kisha akatazama kupitia mlango ulioachwa wazi. Chini ya ngazi alikuwa ameketi binti wa miaka kama kumi na mitatu. Tangu asubuhi alikuwa amekalia begi lake. Shangazi yake alimwita kula mara mbili na hakuinuka. Sasa alikuwa anamwangalia Bi. Shamila kwa macho ambayo sitayasahau. Jina lake sitalitaja wala alikotoka.

Bi. Shamila alikizungusha kile kitambaa kwenye gazeti, akakisukuma ndani ya ovaroli, akatoka. Vyoo vilianza kuvuta, kimoja baada ya kingine, na sitaha ya juu ikashangilia. Ilikuwa saa saba kasoro dakika sita. Nahodha alikuwa anashuka, nyuma yake abiria kama thelathini, wengi wao wanaume wenye hasira.

"Kilikuwa nini?" akauliza. "Nani ametufanyia hivi?"

Yule binti aliinamisha kichwa hadi kwenye magoti.

"Tambara langu la mashine," alisema Bi. Shamila. "Nilikuwa nasafisha asubuhi, likanidondoka. Ni kosa langu."

Abiria mmoja akasema kwa sauti kwamba ndiyo hasara ya kumpa mwanamke kazi ya ufundi, na wenzake wakacheka. Bi. Shamila, ambaye kwa kawaida hana deni la maneno na mtu, aliwaacha wacheke.

Walipotawanyika alinishika mkono. "Flavia, mchukue yule mtoto, mpeleke bafu la wafanyakazi. Nguo safi zipo kwenye sanduku langu." Alitufuata baadaye, akagonga mlango kabla ya kuingia. Binti alijaribu kusema shikamoo, akalia. Bi. Shamila aliitika marahaba, akachuchumaa mbele yake.

"Mwanangu, nisikilize," alimwambia. "Wewe hujakosea. Tumekosea sisi tuliojenga choo cha wanawake tusiweke pa kutupia. Umesikia? Haya, futa uso, shangazi yako anakutafuta, na wali bado wa moto."

Barua ya onyo iliandikwa siku tuliyorudi Kigoma: uzembe kazini. Mwaka ule alikuwa apandishwe kuwa Fundi Mkuu. Hakupandishwa hadi 2021. Mimi nilitaka kusema ukweli kwa nahodha, Bi. Shamila akanikataza. Alisema siri ile si yake wala si yangu. Alichofanya ni kuandika barua ya mistari minne kwa uongozi, akiomba ndoo zenye mifuniko na taulo za kike katika kila choo cha wanawake, na picha ukutani za kuelekeza, kwa kuwa si kila abiria anasoma. Sababu hakueleza. Barua ilikaa mezani kwa mtu miezi mitano, naye alipita ofisini hapo kila Jumatatu kuuliza, mpaka wakampa ili aache kuja. Kabla ya hapo alikuwa anazibua vyoo karibu kila safari. Baada ya hapo mwezi mzima ungeweza kupita bila yeye kufungua mbao.

Mwezi Mei mwaka huu, Anselm wa masijala alipokuwa anaandaa jalada lake kwa ajili ya hati ya utumishi mwema, aliiona ile barua ya onyo. Kwa utaratibu, mwenye onyo hapewi hati hiyo. Anselm alinijia amejikunyata, hajui amwambieje. Hapo nilishindwa. Nilimwambia Bi. Shamila kwamba safari hii nitasema, apende asipende. Akanijibu tusubiri. Binti yule, ambaye sasa ni mwanamke wa miaka ishirini na mmoja na mwalimu mwanafunzi, humpigia simu kila sikukuu, ingawa yeye ni Mkatoliki na Bi. Shamila ni Mwislamu. Kila mmoja humtakia mwenziwe heri ya sikukuu yake. Bi. Shamila alimpigia mbele yangu, akaweka sauti nje. Binti akasema: "Mama, semeni. Jina tu liacheni. Kumbe ulipewa barua? Miaka yote hii hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje?" akajibu Bi. Shamila, na akabadilisha mazungumzo kwenda kwenye mitihani.

Nahodha Octavian, aliyestaafu kabla yake, alikuja ofisini mwenyewe tulipompelekea habari. Alisoma barua aliyoiandika kwa mkono wake, akaomba kalamu, akaandika nyingine ya kuitengua. Kisha aliuliza Bi. Shamila yuko wapi. Alikuwa chini, bila shaka. Mzee alishuka ngazi zile akishikilia ukuta, na hatukumfuata. Walichozungumza hatukijui. Tulichoona ni kwamba walipopanda, mzee alikuwa amebeba ndoo ya spana, na Bi. Shamila anamwelekeza pa kuiweka.

Hati ya utumishi mwema atakabidhiwa siku hiyo hiyo ya kukabidhi funguo. Kazi yake inachukuliwa na fundi Teofili Niyokwizera wa Ulyankulu, mtu makini ambaye wiki hizi hana usingizi, na tunamwelewa. Hakuna hata mmoja wetu aliyetulia.

Bi. Shamila anarudi Ng'ambo, kwenye nyumba ya marehemu baba yake, karibu na bintiye Tunu na wajukuu wanne. Tulipomwuliza kama atapumzika, alituambia kwamba mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya mtaani kwao ameomba aje kuangalia vyoo vya wasichana, na kwamba vipimo vya mabomba ameshatumiwa.

Kwa niaba ya wenzako wote wa MV Kazeh, Bi. Shamila, ahsante: kwa saa zile mbili, kwa maji ya kijiji kile, na kwa uongo mmoja ambao Mungu anajua aliuandika upande gani. Mapumziko hatukuombei, maana hutayatumia. Tunakuombea afya njema, magoti yasiyouma, wajukuu wenye adabu na maji yasiyokatika. Uishi salama na kwa furaha, mama yetu, na siku moja moja uinywe chai ikiwa bado ya moto.

Flavia, Idara ya Huduma za Abiria