Kofia ya Dieckmann

"Ule mpira wa besiboli Dieckmann aliudaka kwa mikono mitupu! Kuvaa glavu enzi hizo kulikuwa uoga, ndiyo maana vidole vilimpinda vyote!" Kinyozi alifoka, na nusu ya abiria wa tramu, lile gari la reli la mjini, wakageuka.

"Acha porojo, bwana," akajibu muuza nyama aliyeketi naye. Walikuwa wamefahamiana tangu kituo kilichopita tu. "Watazamaji tulisimama ndani ya uwanja, nyuma ya kamba. Dieckmann akaruka kamba, akazama kwenye umati, akaibuka na mpira. Nani aliona alivyoupata?"

"Mwamuzi!"

"Mwamuzi yupi, alikuwa kule mbali! Na kuna jambo linanisumbua miaka yote hii. Kabla ya kuuinua mpira, alivua kofia, akainama kama anayemwomba mtu radhi. Kwa nini?"

Nyuma yao Bi Ottilie alilikumbatia kapu lake. Siku ile alikuwa msichana, amesimama kwenye kamba na kapu la mikate, na mpira ulitua humo, katikati ya mikate.

"Mama, wewe waonaje?" muuza nyama akamgeukia.

"Mambo ya mpira siyajui, baba," alisema, na tramu iliposimama akashuka.

Mzee mmoja alikuwa akimngoja kituoni. Kabla ya kumpokea kapu alivua kofia kwa vidole vyake vilivyopinda, akainama.

Muuza nyama aliruka kitini, lakini tramu ilikuwa imeshaondoka.