Bahasha ya Nane: Risala ya Kikaangio cha Kona kwa Mwenyekiti wa Wakulima wa Kahawa

Mgeni rasmi, mama yetu mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa kahawa, uliyevuka bahari kuja kutuona, Fundi wetu, majirani, wateja, na ninyi watoto mliokalia magunia huko nyuma, salamu kwenu nyote.

Sisi ni wafanyakazi wa Kikaangio cha Kona pamoja na majirani wa mtaa huu. Tumemchagua mmoja wetu asome kwa niaba yetu. Ni yule tunayemwita Bibi Ungo, kwa sababu mwaka wa kumi sasa anachambua buni kwa ungo wake, akitoa kijiwe, kijiti na punje iliyooza. Amekubali kwa sharti moja tu, asiharakishwe. Mgeni rasmi, ukiona tunanyamaza kila baada ya maneno machache, tunamsubiri mwalimu mstaafu aliyekaa karibu nawe akutafsirie. Mwalimu naye ameombwa asiongeze chumvi.

KARIBU

Karibu sana, mama. Chumba hiki unachokiona ndicho chote tulicho nacho. Mashine ya kukaangia ni ile nyeusi. Mkono wake ni wa mbao kwa sababu ule wa chuma ulivunjika, na seremala wa jirani akatuchongea mwingine kwa mti wa mlango wake mwenyewe. Meza ya kuchambulia ipo dirishani, mwanga unakoingia, na hapo tunakaa wanawake watano. Ukuta wa kushoto tumeupaka rangi juzi kwa ajili yako, kwa hiyo tafadhali usiuegemee. Fundi ameshauegemea. Akigeuka utaona.

TULIVYOANZA

Kahawa haioti kwetu. Udongo wetu haiutaki, na kila punje inayoingia mlango huu imesafiri kuliko sisi wote tukijumlishwa. Fundi wetu, ambaye mji mzima unamwita Fundi Moshi, alianza na kikaango kimoja uani kwa mama mkwe wake. Jina alilipata siku ya kwanza. Moshi ulipanda, ukaruka ukuta, ukatua kwenye kamba za dobi, dada yetu anayefua shuka za zahanati. Dobi akaja na shuka mkononi.

"Nusa," alimwambia. "Mgonjwa akilala humu atakesha wiki nzima macho kodo."

"Dada, nipe nizifue mwenyewe," Fundi akajibu.

Akazifua zote. Alizifua vibaya mno, ikabidi dobi azirudie, lakini tangu siku hiyo hawajagombana. Walikubaliana kwamba shuka zikiwa kambani, dobi atatundika kitambaa cha kijani dirishani pake, na kitambaa kikiwepo hatuwashi moto. Desturi hiyo ipo hadi leo. Kuna siku dobi husahau kukitoa, nasi hukaa mikono mapajani mpaka mmoja wetu aende kumwambia, "Dada, mbona kamba tupu?"

Fundi alipopata mashine, aliwaandikia wakulima wa nchi nane tofauti akiomba konzi moja ya buni kutoka kwa kila mmoja, nazo zikaja kila moja kwenye bahasha yake. Hauamini ulimi wake peke yake. Husema kahawa wanainywa watu, basi waichague watu. Ndiyo maana kila Jumanne asubuhi huita majirani kuonja: dobi, muuguzi wa zahanati, mwalimu, mshona viatu, na yeyote anayepita na ana nafasi. Vikombe hupangwa mezani, na jina la mkulima halitajwi. Kuna namba tu, iliyoandikwa kwa chaki chini ya kisahani. Tunachota kwa kijiko na kufyonza kwa sauti ili ladha itawanyike mdomoni. Mshona viatu hufyonza mpaka aliye nje adhani bomba limeziba.

Jumanne ile ya kwanza kikombe kimoja kilitushinda. Kila aliyekionja alikaa kimya. Hata mshona viatu alinyamaza, jambo ambalo mke wake alikataa kuliamini. Tukasimama tukibishana kama ni ladha ya asali au ya ganda la chungwa. Bibi Ungo akaona vyombo vimezagaa. Yeye hakai akaangalia vyombo vichafu, hata nyumbani kwa watu. Akavikusanya, akaviosha, akavifuta, akavipanga rafuni viking'aa.

Fundi akageuka. "Bibi, visahani viko wapi?"

"Nimeviosha, mwanangu. Vilikuwa na chaki chini."

Chumba kizima kikamtazama. Fundi akaketi juu ya gunia, akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. "Haya, Bibi," akasema. "Mchumba tumempata, ila kwao hatupajui."

Hakuna aliyemkemea. Tunaliandika hilo kwa sababu Bibi Ungo hajalisahau. Jioni ile Fundi aliwaandikia wote wanane barua moja: tumependa kahawa ya mmoja wenu, hatujui ni nani, tunaomba mtutumie tena. Wengi hawakujibu. Huenda walituona wehu. Mmoja alituma kalenda. Wewe, mgeni rasmi, ulituma gunia zima, na ndani yake karatasi yenye maneno machache ambayo mwalimu alitusomea mara tatu: "Kama hamjui ni ya nani, basi tufanye ni yangu."

TULIYOYAPATA

Huu ni mwaka wa sita tangu gunia lile. Tunanunua na kwingine, na majina ya nchi zote yako kwenye ramani ile ukutani, ambayo watoto wa shule huja kujifunzia jiografia. Lakini uzi mwekundu uliovutwa kwenye ramani hiyo hadi hapa ni wako peke yako. Magunia kumi na mawili kila mwaka, na hakuna kinachopotea humo. Maganda membamba yanayopukutika wakati wa kukaanga huenda bustani ya zahanati. Magunia matupu huenda kwa fundi cherehani, na mikoba wanayobebea akina mama wengi hapa mbele yako ilianza safari kwenye ghala lako. Nje ya mlango kuna benchi na birika. Asiye na cha kunywa hunywa, wala haulizwi mtoto wa nani. Mjane mmoja alikaa kwenye benchi lile mwezi mzima bila kusema neno. Siku aliyosema, alisema, "Leo imeungua kidogo." Tulifurahi sana, maana ilikuwa kweli imeungua. Mjane huyo sasa ni mmoja wa wachambuzi watano.

Nawe umetutendea mengi, mama. Mkono wa mashine ulipovunjika tulikaa miezi miwili bila kukuandikia. Mwingine angeuliza, mnanunua au hamnunui? Wewe uliuliza, "Kuna anayeumwa?" Barua ile ipo. Bibi Ungo anaitunza ndani ya kopo la vifungo. Na mvua zilipowanyima mkatuletea magunia tisa, hukutuchanganyia punje mbovu ili yafike kumi na mawili. Mchambuzi huyajua hayo kabla ya mtu mwingine yeyote. Ungo haudanganywi.

YANAYOTUSUMBUA

Barua yako ya mwisho ilisema kuna mnunuzi mkubwa mwenye meli zake, anayetaka mavuno yenu yote, na kwamba unakuja tuongee uso kwa uso. Tulielewa. Hatukulaumu hata kidogo. Mna watoto wa kusomesha na paa za kuezeka, na magunia yetu kumi na mawili hayawezi kujaza hata kona ya meli. Tukaandika risala nzuri sana ya kukusihi. Ilieleza, kama tulivyozoea kuamini tangu karatasi yako, kwamba siku ile ya kwanza, kati ya nchi nane, ulimi wetu ulikuchagua wewe. Mwalimu aliisifu.

Ndipo tukaanza kupaka ukuta rangi.

Tulisogeza kabati la vikombe. Nyuma yake, kati ya mbao na ukuta, palikuwa na bahasha yenye vumbi, haijafunguliwa, na ndani yake kitu kililia kama njuga. Mwandiko ulikuwa wako. Sasa tunaujua vizuri kuliko miandiko ya watoto wetu.

Bibi Ungo akakaa chini, na kumbukumbu ikamrudia taratibu. Asubuhi ya Jumanne ile kikombe kimoja kilivunjika. Vikabaki saba. Bahasha zilikuwa nane. Akaichukua ya mwisho akaiweka juu ya kabati, akasema, hii ya kesho. Kisha yakaja ya visahani, kesho ikasahauliwa, bahasha ikaanguka nyuma. Wala hapana aliyehesabu.

Mgeni rasmi, kahawa iliyotunyamazisha siku ile haikuwa yako. Yako haikuwa mezani. Ilikuwa ya mmoja wa wale saba ambao hawakutuma tena, na hatutajua kamwe ni nani. Mwalimu, hapo tafsiri yote, hata kama Bibi Ungo anakuangalia.

Tulishauriana. Mshona viatu alisema, "Irudisheni nyuma ya kabati. Imekaa miaka sita, haina haraka."

Dobi akamjia juu. "Mama wa watu anavuka bahari, wewe unataka tumpokee kwa uongo?"

"Si uongo, dada. Ni kunyamaza tu."

"Wewe? Unyamaze?"

Watu wakacheka, lakini Bibi Ungo hakucheka. Aliona kazi ya watu watano na benchi la mtaa mzima vikining'inia kwenye bahasha ambayo ameiweka yeye kwa mkono wake. Fundi akachuchumaa mbele yake.

"Bibi, ukikuta kijiwe kwenye buni, unafanyaje?"

"Nakitoa."

"Hata gunia likipungua uzito?"

"Hata likipungua."

"Basi," Fundi akasema. Risala ile nzuri tukawashia moto, kisha tukaandika hii.

OMBI

Tulikuwa na maombi matatu. Mawili tumeyafuta, kwa sababu mwenye kukosa haombi kwa orodha.

Ila kabla ya hilo moja lililobaki, tunaomba ujue jambo. Siku ya kwanza hatukukuchagua. Lakini kila mwaka kahawa yako mpya inapofika, tunaiweka mezani pamoja na nyingine, namba chini ya visahani, na Bibi Ungo akiwa amekatazwa kusogelea karai mpaka hesabu iishe. Katika miaka sita, mara nne kikombe chako kilishinda. Mara mbili hakikushinda. Miaka hiyo miwili tulimwuliza Fundi, tununue kwa nani? Akasema, "Kwa yule aliyeuliza kama kuna anayeumwa." Hakuna aliyebisha, hata mshona viatu.

Ombi letu ni hili, utubakizie magunia kumi na mawili. Kama kumi na mawili ni mengi, basi sita. Kama sita hayapatikani, basi kiasi unachoweza kukibeba mkononi siku ukija tena, maana kuja tena utakuja tu, hilo hatukuombi, tunakuarifu. Na kama hata hicho hakipo, mama, meli ichukue buni, barua zako utuachie. Mjane wetu amezoea kuzisikia, nasi tunataka kujua mjukuu wako ameota meno mangapi.

HITIMISHO

Bahasha yako ndiyo hii. Hatujaifungua, kwa kuwa si haki yetu kuifungua bila wewe. Tunakuomba uifungue kwa mkono wako, umpe Fundi konzi hiyo aikaange sasa hivi, mbele yako. Dobi amethibitisha kwamba kitambaa cha kijani hakipo dirishani na kamba ni tupu. Buni ya miaka sita nyuma ya kabati haitakuwa na asali wala ganda la chungwa. Itakuwa na ladha ya mbao na vumbi. Tutainywa yote, na mshona viatu ameahidi kufyonza bila maneno. Vikombe viko vinane. Cha nane Bibi Ungo amekileta kutoka rafuni kwake, kile ambacho marehemu mumewe alikuwa akinywea, naye anasema kikae hapa moja kwa moja.

Ulituandikia, "Tufanye ni yangu." Mama, tulishafanya.

Mwenyezi Mungu ainyeshee miti yenu mvua ya kiasi, isiyokawia wala kupitiliza. Awape wachumaji wenu migongo isiyouma, na jua la kuanikia lisilo na haraka. Akurudishe kwa wajukuu zako salama, mikono ikiwa na zawadi na moyo ukiwa mwepesi. Na lolote utakaloamua, uketi kwanza unywe.

Ni sisi watoto, ndugu na majirani zako,
Wachambuzi, wakaangaji na waonjaji wa Jumanne,
Kikaangio cha Kona.

Imesomwa na Bibi Ungo, ambaye leo hataosha kisahani chochote mpaka aambiwe.